UZI: Santino Marella, mwanajudo aliyelipwa ili achekwe

Bwana Ulingo (mleta uzi):

Wakuu, kwenye ule uzi wa mwanamieleka mkali wa muda wote watu walitaja Undertaker, Stone Cold, The Rock, Cena, na hakuna aliyebisha. Mimi nilipomtaja Santino Marella, yule mchekeshaji wa WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, nikaambiwa nipunguze bangi. Sasa nimemfungulia uzi wake, mwenye haraka apite.

Hoja yangu ni moja tu. Yule jamaa tuliyemchukulia kama kituko alikuwa miongoni mwa watu wachache mle ndani waliokuwa wanajua kupigana kwelikweli, na ndiyo sababu aliweza kuchekesha miaka saba bila kutuchosha. Mtu asiyejua kupigana akijifanya hajui, inaboa ndani ya dakika mbili. Anayejua, akajifanya hajui, akaanguka pale pale anapotakiwa kuanguka na uso wake ukabaki wa mtu anayeamini yeye ndiye bingwa wa dunia, hiyo ni kazi.

Na kabla hajaja mtu wa "mieleka ni maigizo": tunajua, mkuu. Matokeo yanapangwa. Mwili ukigonga mbao, maumivu hayapangwi, na kwenye huu uzi kuna shingo itakayokuja kutuonyesha hilo.

Tuanze na mtu mwenyewe. Jina halisi ni Anthony Carelli, kazaliwa 1974 Mississauga, mji uliopakana na Toronto, Kanada. Familia ina asili ya Italia, lakini ile lafudhi ya kuvunja vunja Kiingereza ilikuwa vazi la kazini. Ukimsikia kwenye mahojiano ya kawaida anaongea kama Mkanada yeyote yule. Judo kaanza akiwa mtoto, akafika mkanda mweusi. Mieleka akajifunza kwa mtindo wa BattlARTS, kampuni ya Kijapani iliyokuwa inasifika kwa mapigo mazito na kukabana kunakokaribia ukweli. Yuki Ishikawa, mwasisi wake, ndiye anayetajwa kama mwalimu wake. Yaani huyu si mtu aliyeokotwa kwenye kundi la vichekesho akapewa chupi ya kung'aa. Alikuja na elimu ya kuvunja watu mikono.

2005 akaingia Ohio Valley Wrestling, OVW, pale Louisville, Kentucky, ambako WWE walikuwa wanapika vijana wao kabla ya kuwapeleka kwenye televisheni. Na huko ndiko kilipotokea kisa ambacho mashabiki wa zamani bado wanagombania.

Siku hiyo alikuwa amekaa karibu na ulingo wakati Boogeyman anaingia. Mnamkumbuka Boogeyman, yule wa uso uliopakwa rangi, anayetafuna minyoo hai. Carelli akacheka. Jim Cornette, aliyekuwa anasimamia vipindi vya OVW, akaona jengo lake limebomolewa: unamjenga jini wa kutisha kwa wiki kadhaa, halafu kijana wa mazoezi anamcheka mbele ya watu waliolipa kiingilio. Nyuma ya pazia akamzaba makofi. WWE wakamsimamisha Cornette, na kibarua chake nacho kikaishia hapo.

Huyo ndiye mtu aliyekuja kulipwa kwa kuchekesha. Kapigwa makofi kazini kwa sababu ya kucheka.

Huko huko OVW akawa anacheza kama Boris Alexiev, Mrusi katili, mpiganaji asiyetabasamu. Ingekuwa WWE wamempandisha hivyo hivyo, leo tungemkumbuka kama Mrusi wa bandia namba kumi na ngapi sijui, wa kupigwa na Cena kisha kusahauliwa.

Nitaendelea na Milan. Ngoja nipate chai.

---

Mpwani wa Kale:

Naweka kiti mbele. Ila mkuu, kwa kisa cha Cornette mimi niko upande wa Cornette, si kwa makofi lakini kwa hoja. Kazi ya aliyekaa pale mbele ni kuogopa. Ukicheka umemharibia mwenzio ugali wake.

---

Bwana Ulingo:

Hoja ni ya kweli, na angalia maisha: Carelli mwenyewe alikuja kuishi kwa kanuni hiyo hiyo. Miaka yote ya Santino hutamwona akicheka kichekesho chake mwenyewe. Watu elfu kumi na tano wanakufa kwa kicheko, yeye kanuna, anadai heshima. Cornette angetoa mfano mzuri wa somo lake angemtumia huyo huyo aliyemzaba.

Haya, Milan.

Tarehe 16 Aprili 2007, Raw, kipindi cha WWE cha kila wiki, iko Italia. Ili uelewe uzito wake, rudi nyuma wiki mbili, WrestleMania 23, onyesho lao kubwa la mwaka, kule Detroit. Vince McMahon, bosi wa WWE, na Donald Trump, ndiyo, huyo huyo, waliwekeana dau la nywele. Bobby Lashley alimwakilisha Trump, Umaga akamwakilisha McMahon. Umaga akashindwa, McMahon akanyolewa upara hadharani. Kwa hiyo anafika Milan akiwa na hasira na kipara, na anaamua kuwatolea Wataliano: Umaga, bingwa wa Intercontinental (mkanda ulio chini ya ule wa dunia), atapigana na mtu yeyote kutoka kwa watazamaji. Umaga alikuwa Msamoa mnene kama ukuta, kwa miezi mingi alikuwa anawasaga watu wazito kwenye kampuni. Raia gani atajitokeza?

McMahon anazunguka kando ya uzio, anamchagua kijana mmoja wa kawaida. Jina? Santino Marella. Watu wanashangilia kwa sababu ni mtu wao, Mtaliano, kaja na tiketi kama wao. McMahon akaruhusu pambano liende bila masharti ili Umaga amvunje vizuri, na hapo ndipo alipojifungia mwenyewe mlango, maana pambano lisilo na masharti halina pia sheria ya kumzuia mtu mwingine kuingia. Lashley akatokea, akamshughulikia Umaga, Santino akalazwa juu yake, refa akahesabu tatu. Raia wa kawaida kawa bingwa usiku wake wa kwanza.

Nimeirudia video ile mara nyingi na kinachonivutia si ushindi. Ni jinsi Carelli anavyosimama kabla ya kengele. Judo inamfundisha mtu kusimama: magoti yamelegea, uzito chini, mikono tayari. Pale kafuta yote hayo. Kasimama kama mtu aliyepanda basi asilolijua. Mwili uliofundishwa miaka mingi kuficha mafunzo yake si jambo dogo, jaribu wewe unayejua kuogelea kuigiza unazama.

Na hilo jina la Marella si la kuokota. Gorilla Monsoon, mtangazaji na mwanamieleka wa zamani wa kampuni ile, jina lake halisi lilikuwa Robert Marella.

---

Kitambi cha Heshima:

Tiririka mkuu. Hiyo ya Milan sisi tuliiona kwenye banda la video, kanda imechelewa miezi, na hakuna aliyetuambia kwamba jamaa ni mwajiriwa. Banda zima liliamini ni raia. Tulibishana mpaka mwenye banda akatutoa.

---

Bwana Ulingo:

Na ndivyo ilivyotakiwa.

Tatizo la hadithi ya namna ile ni kwamba ina sura moja tu. Raia kashinda, sawa, wiki ijayo anafanya nini? Walimwacha steringi kwa muda, Umaga akachukua mkanda wake tarehe 2 Julai 2007, na bwana Santino akabaki kijana mwema asiye na jambo. Wengi huishia hapo.

Kilichomwokoa ni kumgeuza adui. Wakampa wivu. Alikuwa na Maria, mrembo wa Raw, na akaanza kuwa yule mwanaume anayemgombeza mwanamke kwa mavazi huku yeye mwenyewe akitembea kifua wazi. Akaanza kuponda filamu aliyoigiza Stone Cold Steve Austin. Stone Cold akaja, akampiga Stunner, pigo lake la kumalizia, kisha akamwogesha bia kwa mpira wa maji. WrestleMania ya 2008 pale Orlando akaangushwa na Snoop Dogg. Msanii wa rap, si mwanamieleka! Na kila mara anapoinuka uso ni ule ule: dunia imemkosea, siku moja itaomba radhi.

Hapo ndipo Santino tunayemjua alipozaliwa. Nyusi zikaungana zikawa moja. Mwendo ukawa wa haraka haraka, viwiko vinapiga hewa. Majina ya watu anayakosea, halafu anamkazia macho mwenye jina kana kwamba yeye ndiye asiyejua anaitwaje.

Katikati ya 2008 akakutanishwa na Beth Phoenix, mwanamke mwenye misuli kumzidi wanaume kadhaa wa kwenye kipindi, wakaitwa Glamarella. Kichekesho kilikuwa wazi: bibi ndiye mwenye nguvu, bwana ndiye mwenye mdomo. SummerSlam, tarehe 17 Agosti 2008, wakapambana na Kofi Kingston na Mickie James, mikanda yote miwili mezani. Beth akamlaza Mickie, na kwa jasho la Beth Santino akawa bingwa wa Intercontinental kwa mara ya pili. Akasherehekea kama kamlaza yeye.

---

Mwana wa Mto:

Hiyo SummerSlam iliniuma. Kofi alikuwa mtu wetu. Halafu kumbuka, wakati ule WWE walikuwa wanamtambulisha kama Mjamaika!

---

Bwana Ulingo:

Haswa. Mghana kafanywa Mjamaika, Mkanada kafanywa Mtaliano kutoka Italia, wamekutana ulingoni kugombea mkanda. Kampuni ile ramani waliisoma kwa kuilalia. Kofi walikuja kumrudishia Ghana yake 2009, bila maelezo.

Sasa utawala ule wa pili ndio uliozaa kitu ninachokipenda. Rekodi ya kukaa na mkanda wa Intercontinental ilikuwa ya Honky Tonk Man: siku 454, kuanzia 1987 hadi 1988. Santino akatangaza ataivunja, na kila wiki akawa anakuja na ubao, Honk-A-Meter, unaoonyesha amefika wapi. Ubao wenyewe ndio uliokuwa unachekesha. Rekodi iko juu kama mnazi, yeye kastawi kidogo kwa chini, na anauonyesha kwa fahari. Akakaa siku 85. William Regal akamvua tarehe 10 Novemba, Manchester, mbele ya Waingereza wa Regal mwenyewe.

Tazameni alivyojengwa: mchekeshaji kawekewa lengo halisi, lenye namba, analoweza kulishindwa. Wachekeshaji wengi wa mieleka hupewa vazi la ajabu na muziki wa ajabu, basi. Santino alipewa kitu cha kutaka. Ukimwona mtu anataka jambo kwa moyo wote, utacheka akishindwa, na bila kujua utaanza kutamani alipate. Hii itatusaidia tukifika 2012.

Kabla ya hapo kuna sekunde 1.9.

Royal Rumble, tarehe 25 Januari 2009, Detroit. Kwa wasiojua: watu thelathini, wanaingia mmoja mmoja, ukirushwa juu ya kamba ya juu na miguu yote ikagusa sakafu umetoka. Santino ni namba 28. Namba nzuri sana, wanaobaki na nguvu kwa kawaida ni hao wa mwisho. Anatoka kwa mbwembwe zote, anakimbia, anapenya kwenye kamba, anasimama, na Kane yupo pale pale anamsubiri. Kwisha. Yuko chini. Sekunde 1.9. Rekodi ya aliyetolewa haraka kuliko wote ilikuwa ya The Warlord, sekunde 2, tangu 1989. Kadumu nayo miaka ishirini, kaja kunyang'anywa na Santino.

Sasa fikirini kiufundi. Kurushwa juu ya kamba ya juu ni moja ya maanguko mabaya: huna muda wa kujipanga, sakafu ya nje si ulingo, na hapa lazima uwe umetoka kabla sekunde ya pili haijaisha. Akichelewa kidogo tu, utani umekufa. Kane alifanya kazi yake, lakini anayetakiwa kupaa, kujigeuza hewani, kutua salama na papo hapo kuinuka akilalamika kwamba hakuwa tayari, ni yule mwingine. Ufundi wa judo huo, wakuu. Kitu cha kwanza unachofundishwa kwenye judo, kabla hujafundishwa kumrusha mtu, ni kurushwa.

---

Binti Mkwaju:

Mimi nimesoma kimya tangu juu nikisubiri utafika kwenye Santina. Naona unapita mbali.

WrestleMania 25, Houston, Aprili 2009. Wanawake 25 ulingoni, wakiwemo wa zamani waliorudi, Sunny, Molly Holly, Torrie Wilson. Hawakupewa hata kuingia mmoja mmoja kwa muziki wao, waliingizwa kwa mkupuo baada ya Kid Rock kuimba. Wengine tulikuwa tunasubiri kuwaona miaka. Halafu anayeshinda ni Santino kavaa wigi na gauni, anajiita dada yake pacha, Santina Marella, kamtoa Melina na huyo huyo Beth Phoenix. Taji la Miss WrestleMania akavalishwa mwanaume. Niambie hapo alikuwa anachekwa nani.

---

Bwana Ulingo:

Dada, hapo sina la kutetea na sitajaribu. Carelli hakuandika ule mpango, lakini uchambuzi wako ni sahihi. Santino anachekesha pale anaposhindwa na watu wanaomzidi. Siku ile alishinda, na walioshindwa ni wanawake waliokuwa na haki ya kuonekana. Kichekesho kiligeuzwa kichwa chini, na hadithi ikaendelea kuvutwa wiki kadhaa baadaye bila sababu.

Niongeze kwamba walikuja kukirudia 2020, Houston hiyo hiyo, Royal Rumble ya wanawake. Santina akaingia namba 29, akajikuta mbele ya Beth Phoenix na Natalya, akaona mambo magumu, akajipiga mwenyewe Kobra, pigo lake la kumalizia, na kujitoa. Angalau mara hiyo aliyechekwa ni yeye.

---

Binti Mkwaju:

Hiyo ya 2020 niliicheka, sikatai. Uso wa Beth ulisema yote. Endelea.

---

Bwana Ulingo:

Kobra sasa, kwa vijana waliozaliwa juzi.

Kila mwanamieleka ana pigo la kumalizia. Kuna anayekubeba na kukugonga kichwa, kuna anayeruka kutoka juu ya kamba. Santino alikunja mkono, akaupandisha taratibu, kiganja kikawa kichwa cha nyoka, mkono ukaanza kutetemeka kana kwamba hautaki kumtii, kisha ukadunga koo la adui. Mtu wa kilo mia na ushei anaanguka kama gunia. Baadaye akaongeza soksi ya kijani yenye sura ya nyoka. Soksi! Na ukumbi mzima unasimama akianza kuivaa.

Mtu mwenye mkanda mweusi, anayejua njia halisi za kukukaba ukapoteza fahamu, kachagua kummaliza mtu kwa soksi.

Mwenzake wa kipindi hicho alikuwa Vladimir Kozlov. Kisa cha Kozlov kinafanana na chake kwa kinyume. Mzaliwa wa Ukraine, mtu wa sambo (mchezo wa kukabana wa Kirusi), WWE walimleta 2008 kama Mrusi asiyeshindika, mpaka wakamweka Survivor Series ya mwaka ule kwenye pambano la ubingwa na Triple H. Watu wakasinzia. Edge ndiye aliyeondoka na mkanda. Yaani Kozlov alipewa kazi ile ambayo Boris Alexiev angepewa, na ikamshinda. Alipokuja kuwekwa na Santino, akawa yule rafiki mnene mwenye uso wa jiwe asiyeelewa utani, ghafla watu wakampenda. Tarehe 6 Desemba 2010 wakawa mabingwa wa timu za wawili wawili, wakakaa nao mpaka Februari 2011.

Mwanajudo mmoja na mtu wa sambo mmoja, ndio waliokuwa wachekeshaji wa Raw. Wangekunja watu wote wa chumba cha kubadilishia nguo kwa saa moja.

Katikati ya hapo kuna Royal Rumble ya 2011, Boston, ile ya pekee yenye watu arobaini. Alberto Del Rio anamtoa mtu wa mwisho, kengele hailii, yeye haoni, anashangilia. Santino alikuwa ametupwa nje kwa kupitia katikati ya kamba, kwa hiyo kisheria bado yumo. Anarudi mdogo mdogo, mkono uko tayari, anampiga Kobra. Ukumbi ukalipuka. Kwa sekunde chache ilionekana kabisa kwamba Santino anaenda WrestleMania kupigania ubingwa wa dunia. Badala ya kumsukuma mtu nje akaanza mbwembwe, akatupwa yeye.

Kushindwa kwake kule kulikuwa na mantiki. Ni tabia yake iliyomshinda, si Del Rio.

Na sasa tarehe 19 Februari 2012, Milwaukee. Elimination Chamber. Hapa ndipo nilipofungulia uzi.

Randy Orton kaumia kichwa, nafasi yake ikagombewa, Santino akaishinda. Akaingizwa kwenye kizimba cha vyuma na Daniel Bryan, bingwa wa dunia wakati huo, pamoja na Big Show, Great Khali, Cody Rhodes na Wade Barrett. Kila mtu alijua yupo pale kujaza idadi. Khali akatoka. Big Show akatoka. Santino akamtoa Cody Rhodes. Watu wakanyanyua vichwa. Akamtoa Barrett. Wamebaki wawili, Bryan na Santino, na ule ukumbi ulioingia kwa mzaha umeacha mzaha. Watu wamesimama. Akatoa Kobra, akaipiga, akamlalia Bryan. Moja. Mbili. Na Bryan akanyanyua bega wakati watu wameshaanza kurusha mikono juu.

Sikilizeni sauti ya ule ukumbi kwenye video. Hiyo si sauti ya watu wanaocheka. Miaka mitano ya kuchekwa, sekunde 1.9, ubao wa Honky Tonk, soksi, vyote vimebadilishwa kuwa imani ndani ya hesabu mbili na nusu. Bryan akamkaba, Santino akagonga mkono, ikaisha. Bryan ana mafunzo ya kukaba, Santino naye anayo, na kile kipande cha mwisho kinaonyesha: hakuna aliyetafuta tafuta mkono wa mwenzie.

Nasema wazi: angeshinda. Wangempa. Hata kwa wiki moja.

---

Kitambi cha Heshima:

Hapana mkuu, hapo tunaachana. Ungempa mkanda ungemuua. Bingwa wa dunia analazimika kutisha, wiki inayofuata Santino angekuwa analinda ubingwa kwa soksi, na ubingwa wenyewe ungegeuka soksi. Utamu wote wa usiku ule upo kwenye "ilibaki kidogo". Wewe mwenyewe umesema mtu huyu anaishi kwa kutaka.

---

Mpwani wa Kale:

Naunga mkono hoja. Na Bryan je? Bryan alikuwa anajenga kitu. WrestleMania ya mwaka huo alipoteza kwa Sheamus ndani ya sekunde 18, na watu walivyokasirika ndipo ile kelele yake ya "Yes!" ikawaka nchi nzima. Ukimpa Santino mkanda Februari, hiyo yote haipo.

---

Bwana Ulingo:

Hoja ya Bryan ni nzito kuliko ya soksi, naikubali nusu. Lakini mkuu Kitambi, unasema ubingwa ungegeuka soksi. Bobby Lashley alimpa ubingwa usiku wa kwanza na mkanda wa Intercontinental haukufa. Wiki mbili tu za Santino akiamka kila asubuhi kwa hofu ya Big Show, mkanda uko chini ya mto, halafu Bryan anaurudisha kabla ya WrestleMania na Sheamus anampiga sekunde zake 18 kama kawaida. Hakuna kingeharibika. Kalenda iliruhusu.

Walichompa badala yake ni mkanda wa Marekani: tarehe 5 Machi 2012, Boston tena, akamshinda Jack Swagger, ambaye kabla ya mieleka ya televisheni alikuwa mwanamieleka wa chuo kikuu wa kiwango cha juu. Akakaa nao hadi Agosti, SummerSlam, Antonio Cesaro akauchukua kabla hata kipindi kikuu hakijaanza. Utawala wa miezi mitano usio na jambo. Mkanda bila hadithi.

Halafu shingo. 2013 akafanyiwa upasuaji, akarudi Septemba, watu wakampokea kwa shangwe. Haikukaa. Ilipofika jeraha kubwa la tatu la shingo madaktari hawakuwa na cha kujadili. Tarehe 6 Julai 2014, kwenye onyesho lisilo la televisheni Toronto, mlangoni kwao, akawaambia watu kwamba imetosha. Ana miaka arobaini.

Rudini sasa kwenye sekunde 1.9 na yale maanguko yote ya kuchekesha. Mchekeshaji huanguka kuliko steringi. Steringi anaanguka ili ainuke ashinde. Mchekeshaji anaanguka kwa sababu kuanguka ndiyo kazi, kila usiku, miji mitatu minne kwa wiki. Bili ya vicheko vyetu ilikwenda kwenye shingo yake.

WWE walimwacha rasmi Mei 2016. Yeye tayari 2013 alikuwa amefungua Battle Arts Academy pale Mississauga, judo, mieleka na mapigano mengine chini ya paa moja, na jina mnajua limetoka wapi. Ishikawa mwenyewe amefundisha pale. 2023 akarudi kwenye runinga kupitia Impact, kampuni nyingine ya mieleka, ambayo sasa imerudia jina lake la TNA, kama bosi wa kipindi. Lafudhi ni ile ile. Na binti yake Bianca aliingia NXT, kipindi cha vijana cha WWE, 2022 kwa jina la Arianna Grace, akaja kutokea hata TNA na baba yake.

---

Binti Mkwaju:

Arianna Grace kwa kujiona namfahamu, sikujua ni damu moja! Sasa imeingia akilini, ule uso wa "dunia imenikosea" ni wa baba yake mtupu.

---

Mwana wa Mto:

Mkuu, mtu ambaye hajawahi kumwona aanzie wapi? Maana mdogo wangu yeye mieleka kaanzia Roman Reigns.

---

Bwana Ulingo:

Mpe Milan 2007 kwanza, dakika chache tu. Kisha usimwonyeshe kitu kingine chochote kizuri: mpe Rumble ya 2009, mpe ubao wa Honky Tonk, aone anavyoshindwa mpaka amzoee. Halafu Chamber ya 2012, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kumwambia nani anashinda. Akishika kichwa kwenye hesabu ya mbili, mlete huku ajibizane na Kitambi.

---

Kitambi cha Heshima:

Aje tu, jibu langu ni lile lile. Halafu mkuu uzi mzima Hornswoggle, mchekeshaji mwingine wa WWE, hujamtaja hata mara moja.

---

Bwana Ulingo:

Fungua uzi wako.